Kodi ya majengo kwenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla): kinachotozwa ni nyumba au ni mita?

Mkorosho Mkavu
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara, nyumbani kwetu Mikindani, na kuna jambo linanikereketa naomba wenye uelewa mnisaidie.

Bi mkubwa wangu ana nyumba ya miti na udongo, juu bati, mbele tulimpigia plasta ya sementi mwaka juzi ili mvua isile ukuta. Tarehe moja alinunua umeme wa 2,000 kama kawaida yake, mtoto wa jirani ndo anamnunuliaga kwa simu. Ikaja tokeni ya unit 4 na pointi. Kazoea kupata 16 hivi. Akajua mtoto kala hela, akamfokea mpaka yule mtoto akalia. Mi nilivyofika nikaomba hiyo meseji nikaisoma, kumbe imekatwa 1,500 ya kodi ya jengo, umeme wenyewe aliobakiwa nao ni wa mia tano. Ikabidi nimpeleke bi mkubwa akamwombe radhi mtoto wa watu.

Sasa swali langu. Shangani kuna jumba lina vyumba sita, geti la umeme, ukuta wa matofali mwanzo mwisho, na lenyewe linakatwa 1,500 ile ile kwa sababu sio ghorofa. Huyu na bi mkubwa wangu sawa? Nani alikuja akaithamini nyumba ya mama yangu akaona inalingana na ile? Kinachotozwa hapa ni nyumba au ni mita?

Ligula Juu
Ni mita mkuu, usijisumbue. Wanakata buku kila mwezi kila mtu.

Pwani Mchangani
@Ligula Juu buku ilikuwa zamani. Ilivyoanza Agosti 2021 ilikuwa 1,000 kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Kuanzia Julai 2023 ikapanda, 1,500 na 7,500. Kwa mwaka inakuja 18,000 na 90,000. Angalia risiti zako.

Ligula Juu
Asante, kumbe ndo maana. Mi nilidhani umeme ndo umepanda.

Nyaya Tatu
Mi ni fundi umeme Lindi hapa, nawaelezea inavyoenda. Kila mita imeunganishwa na jengo. Ukinunua umeme mara ya kwanza ndani ya mwezi inakatwa kodi ya mwezi huo, ukinunua tena mwezi huo huo hukatwi. Usiponunua miezi minne haijafutika, inalimbikizwa, siku ukinunua inakatwa yote 6,000 kwa mpigo. Nina mteja huku Mtanda alifunga nyumba akaenda shamba Nachingwea msimu mzima wa korosho, amerudi kanunua elfu kumi kapata umeme wa elfu nne, akanipigia mimi akasema nimemchezea mita!

Halafu hesabu ya bi mkubwa iko sawa kabisa. Yule yuko ule mpango wa matumizi madogo, unit moja shilingi 100, ukiweka VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (wadhibiti wa nishati) 1% inakuwa 122. 2,000 gawa kwa 122 ni 16.4. Mia tano gawa kwa 122 ni 4.1. Mtoto hana kosa.

Bint Chikongola
Maskini huyo mtoto 😢 mpeni hata soda.

Mkorosho Mkavu
@Bint Chikongola kapewa embe na mia mbili, yameisha.

Futi Kamba
Nimesoma swali la mleta uzi nikaona niingie maana nimefanya kazi ya uthamini miaka mingi kabla sijastaafu, na hii kitu inaniuma vilevile.

Kodi hii haikuanza na LUKU. Iko kwenye sheria ya ukadiriaji ya mamlaka za miji ya mwaka 1983, na pale ilikuwa inakwenda kwa thamani ya jengo. Tulikuwa tunatoka asubuhi wawili watatu, mmoja kashika futi kamba mwingine daftari, tunaingia nyumba kwa nyumba. Unapima urefu na upana kwa nje, unaandika ukuta wa nini, bati au vigae, kuna dari au hakuna, madirisha ya nondo au ya vioo, maji yako ndani au ya kisima, nyumba ina umri gani. Mama mwenye nyumba anakukaribisha chai huku anakuuliza mnakuja kubomoa? Jibu lako ndo linaamua kama atakuonyesha vyumba vya nyuma.

Ukirudi ofisini unatafuta thamani ya soko, na kama haipatikani (miji yetu hii nyumba haziuzwi kila siku) unakadiria ingegharimu shilingi ngapi kuijenga leo, unapunguza uchakavu. Yote yanaingia kwenye daftari la uthamini, wananchi wanaruhusiwa kupinga. Kisha halmashauri inatoza asilimia ndogo. Tuchukue 0.15% kwa mfano tu: nyumba ya milioni 8 inalipa 12,000, ya milioni 40 inalipa 60,000, ile ya Shangani tuseme milioni 200 inalipa 300,000. Hapo bi mkubwa na jirani wa Shangani wasingelingana hata siku moja.

Na tunathamini jengo tu, sio kiwanja, maana ardhi kwetu ni ya umma, Rais ndo mdhamini. Ya kiwanja ni pango la ardhi, linalipwa wizarani kwa kontroo namba yake.

Mzawa wa Ng'apa
Hapo kwenye pango la ardhi umenisaidia sana mzee wangu, shikamoo. Mi miaka yote nalipa pango la kiwanja nikajua nimemaliza na jengo.

Futi Kamba
Marahaba. Hapana, ni vitu viwili. Na ukipangisha kuna ya tatu, kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo yenyewe) kwenye pango la nyumba, 10%. Watu wanazichanganya zote wanaita kodi ya nyumba.

Pwani Mchangani
Sasa mzee kama mfumo wa thamani ulikuwepo kwanini wakaja na bei moja?

Futi Kamba
Kwa sababu daftari halikuwahi kuwa kamili popote. Kuthamini mji ni gharama, wathamini wachache, na ukimaliza leo miaka mitano mbele mji umebadilika. Majengo mengi hayakuwa na uthamini, ndipo ikawekwa bei ya mkupuo, 10,000 kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila ghorofa mjini. Ilikuwa ya yale yasiyothaminiwa, baadae ikawa ya wote.

Sulufu
Mzee kaongea kitaalamu ila mi naona sababu sio gharama. Sababu ni hela inakwenda wapi. Halmashauri zilikuwa zinakusanya zenyewe, 2016 ikahamishiwa TRA (mamlaka ya mapato). Toka hapo manispaa haina sababu ya kuhangaika na daftari la uthamini, unathamini nyumba hela zianzie kwenda mfuko mkuu huko kwanza? We ungehangaika?

Mwananchi wa Railway
@Sulufu sio 2016 mkuu, mi nilikuwa naishi Dar, kule TRA walianza 2008 kwa manispaa za Dar, 2014 ikarudishwa manispaa, ndo 2016 ikaenda tena TRA na safari hii mpaka mikoani.

Sulufu
Sawa, kwa Dar. Mi nazungumzia huku kwetu. Hoja yangu iko pale pale.

Nyaya Tatu
Mi sikubaliani na wote wawili. Sababu ni sisi wenyewe, watu walikuwa hawalipi. Nakumbuka marehemu baba alikuwa anapokea ile karatasi ya madai anaikunja anaweka juu ya kabati la vyombo. Tulivyohamisha kabati tukakuta karatasi kama za miaka tisa. Mtendaji akija anaambiwa baba kaenda baharini. Sasa mita huwezi kuiambia baba kaenda baharini.

Bint Chikongola
😂😂 baba kaenda baharini, na sisi kwetu ilikuwa baba kaenda shamba Nanyamba.

Mpangaji Chuno
Mi mniulize mimi niliyepanga. Mita iko kwangu, nakatwa mimi, nyumba sio yangu. Nilimwambia mwenye nyumba anirudishie akasema "mbona umeme unawasha wewe". Nimehesabu tangu nimehamia hapa nimemlipia kodi ya jengo lake elfu 33 na yeye ana nyumba tatu zote zina wapangaji. Kisheria hii kodi ni ya mwenye jengo, sio ya mtu aliyelala ndani yake. Naumia kwa sababu sio hela nyingi ya kwenda kugombana, ila ni yangu.

Mzawa wa Ng'apa
@Mpangaji Chuno tunza meseji za tokeni zote, siku ya kulipa pango mkatie. Mi wapangaji wangu wananionyesha meseji napunguza, hakuna ugomvi.

Mpangaji Chuno
Wenye nyumba kama wewe huku Mtwara hawajazaliwa.

Mzawa wa Ng'apa
Hamia Lindi basi, bahari ni ile ile na samaki wetu hawachoki njiani.

Ligula Juu
Lindi ipi, hiyo ambayo gari likipita spidi abiria hajui kama kapita mji?

Mzawa wa Ng'apa
Sisi ndo tulikuwa makao makuu nyie mko bado chaka. Tuheshimiane.

Kipara cha Masasi
Turudi kwenye mada. Mi nina kesi nyingine. Nyumba yangu ni moja ila ina mita mbili, moja ya kwangu moja ya upande niliopangisha. Zote zinakatwa. Nikaenda ofisi moja nikaambiwa hili sio letu nenda ofisi ile, nikaenda ile nikaambiwa anza na serikali ya mtaa, mtaa wakaniambia mwenye kujaza fomu yuko kikaoni. Siku tatu nauli bodaboda imeshazidi kodi yenyewe ya mwaka. Nimeacha. Hapo utasema jengo ndo linatozwa? Jengo ni moja, paa moja!

Nyaya Tatu
Usiache mkuu. Utaratibu upo, mita ya pili inatakiwa itenganishwe na kodi, inabaki moja tu. Nenda na namba za mita zote mbili, kitambulisho cha NIDA, na barua ya mtaa inayosema ni jengo moja. Barua ndo uanze nayo, usiende bila barua.

Kipara cha Masasi
Nitajaribu tena msimu wa minada ukiisha, saizi niko na magunia ghalani.

Babu wa Kitunda
Wajukuu nawasoma. Mnaona hii mpya. Wajerumani walileta kodi ya kibanda 1898, rupia tatu kwa nyumba, na huku kusini nako ikakamuliwa. Kibanda ni kibanda, hawakuuliza kikubwa kidogo. Watu wakawa wanajibana nyumba moja familia mbili ili wahesabiwe kidogo. Ikaja na pamba ya kulazimishwa, ndo mkaona Majimaji.

Ligula Juu
Majimaji si ilikuwa Songea huko babu?

Babu wa Kitunda
Songea ilifika. Ilianza Umatumbi, Nandete, Kilwa hii hii, Julai 1905, watu waling'oa pamba. Kilwa iko mkoa gani mjukuu?

Mzawa wa Ng'apa
LINDI 💪

Sulufu
Babu shikamoo, hapo umegusa penyewe. Kodi ya bei moja kwa kila paa ni kitu cha mtu ambaye hajui kilichomo ndani ya nyumba na hana haja ya kujua. Baada ya miaka mia na ishirini tunarudi hesabu za paa?

Futi Kamba
Sulufu usimchanganye Mjerumani na LUKU, kwa Mjerumani aliyeshindwa kulipa alipelekwa kazi ya lazima. Huku usiponunua umeme unakaa giza tu.

Sulufu
Kukaa giza ni "tu" mzee?

Babu wa Kitunda
Marahaba. Na kodi ya kichwa tumelipa mpaka 2003 ndo ikafutwa. Wakati ule ukisikia filimbi ya mgambo stendi unarukia dirishani.

Mwananchi wa Railway
Mi nadhani kuna sababu ya nne hamuisemi. Miji yetu haijapimwa. Nenda Magomeni ya Mtwara au Chikongola ndani ndani, nyumba imebebana na nyumba, choo cha huyu kiko kwenye uwanja wa yule, mipaka wanaijua wazee. Daftari la uthamini unaliandika vipi? Mita ndo kitu pekee chenye namba. Afu 2022 zikaja anwani za makazi, kila nyumba ikabandikwa namba, na sensa ya mwaka huo huo ikahesabu mpaka majengo. Kwahiyo sasa hivi taarifa zipo, sio kama zamani.

Pwani Mchangani
Basi kama taarifa zipo na namba zipo kilichobaki ni kisingizio gani?

Mwananchi wa Railway
Namba ya nyumba haikwambii ukuta wa nini.

Nyaya Tatu
Na Kenya wenzetu wana uthamini, Nairobi walikaa na daftari la mwanzo wa miaka ya 80 miaka karibu arobaini bila kulibadilisha. Viwanja vya mabilioni vilikuwa vinalipa kwa thamani ya enzi hizo. Sasa huo uthamini ukishachacha una tofauti gani na bei moja?

Futi Kamba
Hiyo ni kweli. Daftari lisilosasishwa ni kama nguo ya mtoto, utamvika mpaka lini. Lakini hata lililochakaa lilijua kwamba nyumba hii kubwa ile ndogo.

Gesi Yetu
Tuongee ukweli, kwanini halmashauri ihangaike na nyumba za udongo wakati gesi inatoka Msimbati inakwenda Dar? Si watoze pale?

Sulufu
Wanatoza, kuna ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo, halmashauri inapata. Huo sio kodi ya jengo. Na korosho kuna ushuru wa mazao, ulikuwa 5% ukashushwa 3% mwaka 2017. Halmashauri za huku zinaishi kwa korosho, nyumba zinaonekana kama chenji. Hiyo ndo sababu ya tano kama mnahesabu: msimu ukiwa mzuri hakuna mkurugenzi atakayepoteza usingizi kwa ajili ya daftari la majengo. Msimu ukiharibika ndo anakumbuka nyumba, na kodi ya nyumba inapitia kwenye LUKU.

Gesi Yetu
Msimu ukiharibika na mwenye nyumba naye hana hela.

Mama Wali Nazi
Samahani naingia kwa kuchelewa nilikuwa jikoni. @Mkorosho Mkavu mama ana miaka mingapi? Maana mzee wa miaka 60 kwenda juu anayekaa kwenye nyumba yake mwenyewe ana msamaha, nyumba moja. Mama mkwe wangu Mikumbi tulimuombea akapata. Na walemavu pia. Na nyumba za udongo, za nyasi, tembe, hazitakiwi kutozwa kabisa.

Mkorosho Mkavu
Dada umenifungua macho. Ana 71. Na nyumba ni ya udongo. Kwahiyo anasamehewa mara mbili?

Futi Kamba
Kwenye udongo pana utata. Umesema mmepiga plasta na juu bati. Mkaguzi akipita nje ataona sementi na bati, ataandika nyumba ya kawaida. Ndani ni fito na udongo lakini nani atabandua plasta kuangalia? Nimeona kesi hizi nyingi, watoto wanampendezeshea mama nyumba, inatoka kwenye msamaha.

Bint Chikongola
Kwahiyo tuwaache wazazi na ukuta unaobomoka ili wasilipe?? Hii haiko sawa jamani hata kidogo.

Futi Kamba
Sijasema iko sawa mwanangu. Ndo maana nasema jengo liangaliwe na macho ya mtu. Tumia njia ya umri, hiyo haina ubishi.

Mama Wali Nazi
Ndio, ya umri. Beba kitambulisho cha NIDA, barua ya mtaa, namba ya mita. Sema tu ukweli kama anapangisha, sisi tuliulizwa hilo mapema kabisa.

Mkorosho Mkavu
Hapo kwenye kupangisha kuna vyumba viwili vya uani wanakaa vijana wa chuo.

Mama Wali Nazi
Mmh.

Kipara cha Masasi
Mmh ya pili.

Mkorosho Mkavu
Wakuu narudi na mrejesho baada ya wiki mbili. Barua ya mtaa nimeipata siku ile ile, mjumbe anamjua bi mkubwa tangu hajaolewa, asanteni sana kwa kunielekeza. Fomu tumejaza. Yule afisa kijana mstaarabu, kamwita mama, kamuwekea kiti karibu na feni, lakini kaja na swali lile lile, kuna kipato kinatokana na nyumba? Bi mkubwa akamjibu bila kupepesa, "mwanangu, wale watoto wa chuo ndo dawa yangu ya presha, kila mwezi elfu arobaini, nikiwatoa utaninunulia wewe?" Kijana akaandika, akasema litaangaliwa. Tunasubiri.

Sulufu
Litaangaliwa na nani?

Mkorosho Mkavu
Hakusema.

Mpangaji Chuno
Na hao wanafunzi wana mita yao au wako mita moja na mama?

Mkorosho Mkavu
Mita moja, wanachangiana. Na hapo kuna jambo lingine sikuwaambia. Tangu walivyojua wa kwanza kununua ndani ya mwezi ndo anakatwa, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Leo tarehe moja. Unit ziliisha saa kumi na mbili na robo, naandika hii saa mbili usiku, vijana wako uani wamekaa wanaangalia simu zao mpaka chaji ziishe, na bi mkubwa kawasha koroboi.

Nyaya Tatu
Nitumie namba ya mita pm.